Kura ya maoni ya katiba nchini Tanzania

Kura ya maoni ya katiba nchini Tanzania ni utaratibu wa kisheria unaowapa wananchi nafasi ya kuikubali au kuikataa katiba mpya kwa kupiga kura ya "Ndiyo" au "Hapana". Utaratibu huo uliwekwa na Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2011 pamoja na Sheria ya Kura ya Maoni ya mwaka 2013. Kura yenyewe ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa wiki nne kabla ya siku hiyo, na tangu hapo haijafanyika.

Katika sheria hizo mwananchi anaulizwa mwishoni tu, baada ya katiba kuandikwa na kupitishwa na Bunge Maalumu. Hakuulizwa kwa kura kama anataka mchakato uanze, wala hakuitwa kituoni kuwachagua wajumbe wa kuiandika. Ziko nchi na majimbo mbalimbali duniani ambako swali la kwanza, yaani "Je, tuitishe mkutano wa kuandika katiba?", huulizwa wapiga kura wenyewe. Tofauti hiyo inasaidia kueleza kwa nini mchakato wa Tanzania uliweza kusimama kwa muda mrefu bila mwananchi kuwa na njia ya kisheria ya kuusukuma.

## Maana

Kura ya maoni ni upigaji kura ambao mwananchi hamchagui mtu, bali anajibu swali. Isichanganywe na kura za urais za zama za chama kimoja (1965–1990), ambapo mpiga kura wa Tanzania alisema "Ndiyo" au "Hapana" kwa mgombea mmoja. Ile ilikuwa kura ya kumchagua mtu, ingawa karatasi yake ilifanana na ya kura ya maoni.

Isichanganywe pia na ukusanyaji wa maoni. Tume inapopita vijijini na kuandika yale wananchi wanayosema, hayo ni maoni tu, na tume au serikali inaweza kuyafuata au kuyaacha. Katika kura ya maoni jibu huhesabiwa na matokeo yake hufungwa na sheria.

Katika utungaji wa katiba mpiga kura anaweza kuingia katika hatua tatu:

* Mwanzoni: anaulizwa kama katiba mpya iandikwe au la.
* Katikati: anawachagua wajumbe watakaoiandika au kuijadili.
* Mwishoni: anaikubali au kuikataa katiba iliyokwisha andikwa.

Nchi chache humpa mpiga kura hatua zote tatu. Nyingi humpa moja au mbili, na nyingine hazimpi hata moja.

## Katiba zilizotangulia

Tangu uhuru hakuna katiba ya Tanganyika au ya Tanzania iliyowahi kupigiwa kura ya maoni.

Katiba ya uhuru ya mwaka 1961 ilitokana na makubaliano na Uingereza. Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilijigeuza kuwa Bunge la Katiba na kupitisha Katiba ya Jamhuri, iliyoanza kutumika tarehe 9 Desemba mwaka huo. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar wa tarehe 26 Aprili 1964 uliidhinishwa na vyombo vya dola, si kwa kura ya wananchi.

Hati za Muungano zilitaka Rais ateue tume ya katiba na kuitisha Bunge la Katiba katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kuahirisha jambo hilo, na nchi ikaendelea na Katiba ya Muda. Uahirishaji huo ulidumu hadi mwaka 1977, yaani miaka 12.

Katiba ya mwaka 1977 ilifuatia kuungana kwa TANU na ASP na kuzaliwa kwa Chama cha Mapinduzi (CCM). Rasimu yake iliandaliwa na tume ya watu 20, kumi kutoka kila upande wa Muungano, chini ya uenyekiti wa Thabit Kombo, katibu akiwa Pius Msekwa. Tume hiyo ndiyo iliyokuwa imeshughulikia kuunganishwa kwa vyama. Bunge la Katiba liliipitisha tarehe 25 Aprili 1977.

Kwa mujibu wa ibara ya 98 ya katiba hiyo, Bunge linaweza kuibadilisha kwa kura za theluthi mbili ya wabunge wote. Kwa baadhi ya mambo yanayogusa Muungano, inahitajika theluthi mbili ya wabunge kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge kutoka Zanzibar. Ibara hiyo haitaji kura ya maoni mahali popote. Kwa njia hiyo katiba ilifanyiwa mabadiliko 14 hadi mwaka 2005, yakiwemo ya mwaka 1984 yaliyoingiza haki za binadamu na ya mwaka 1992 yaliyorudisha vyama vingi.

### Tume ya Nyalali na azimio la Tanganyika

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kuuliza kama nchi iendelee na chama kimoja. Watu 36,299 walitoa maoni. Asilimia 77.2 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, na asilimia 21.5 walitaka vyama vingi. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, ikiangalia hoja zilizotolewa na ukweli kwamba wengi wa waliotaka chama kimoja walitaka pia marekebisho makubwa. Serikali ilikubali, na mfumo wa vyama vingi ukaanza rasmi tarehe 1 Julai 1992.

Mfano huo unatajwa na pande mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kwamba viongozi walifanya vema kuona mbali, kwani kama hesabu ya wengi ingefuatwa nchi ingebaki na chama kimoja. Wapo wanaosema kwamba tangu hapo ilizoeleka kuwa wananchi wanatoa maoni na wengine wanaamua.

Mwaka 1993 kundi la wabunge lililoitwa G55 lilidai Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na mwezi Agosti Bunge likapitisha azimio kuhusu jambo hilo. Mwalimu Julius Nyerere alilipinga vikali, na mwaka 1994 azimio likaachwa. Suala hilo halikufika kwa wapiga kura.

## Kura ya maoni ya Zanzibar, 2010

Kura ya maoni pekee kuhusu katiba iliyokwisha fanyika katika Jamhuri ya Muungano ni ile ya Zanzibar ya tarehe 31 Julai 2010.

Chanzo chake ni mazungumzo ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa Chama cha Wananchi (CUF), baada ya miaka mingi ya uhasama uliofuata kila uchaguzi, hasa umwagaji damu wa Januari 2001. Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilikubali hoja ya kuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ila wananchi waulizwe kwanza.

Waliokubali walikuwa asilimia 66.4 na waliokataa asilimia 33.6. Uungaji mkono ulikuwa mkubwa zaidi Pemba kuliko Unguja. Baada ya hapo, Agosti 2010, Baraza la Wawakilishi lilipitisha Mabadiliko ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar. Kwa hiyo wapiga kura walijibu swali kabla ya katiba kubadilishwa, na wawakilishi wakafuata jibu lao.

Mabadiliko hayo yaliingiza pia kifungu cha 80A, kinachosema kwamba baadhi ya vifungu vya Katiba ya Zanzibar haviwezi kubadilishwa bila kura ya maoni. Hivyo mwananchi wa Zanzibar analo, kwa katiba ya Zanzibar, jambo ambalo katiba ya Muungano haimpi yeye wala mwenzake wa Bara.

## Mchakato wa 2011–2014

### Uamuzi wa kuanza

Madai ya katiba mpya yalikuwa ya muda mrefu kutoka vyama vya upinzani, wanasheria na asasi za kiraia. Uamuzi wa kuanza ulitangazwa na Rais Jakaya Kikwete katika salamu zake za mwaka mpya tarehe 31 Desemba 2010. Katiba mpya haikuwa katika ilani ya chama chake kwenye uchaguzi wa Oktoba mwaka huo. Bunge lilitunga Sheria ya Mabadiliko ya Katiba mwezi Novemba 2011 na kuirekebisha mapema mwaka 2012 baada ya Rais kukutana na vyama vya upinzani na asasi.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliteuliwa Aprili 2012. Mwenyekiti alikuwa Jaji Joseph Sinde Warioba, Waziri Mkuu mstaafu, na makamu wake Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani. Walikuwa na wajumbe 30, 15 kutoka kila upande wa Muungano.

### Mabaraza ya katiba

Tume ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, kisha ikatoa rasimu ya kwanza tarehe 3 Juni 2013. Rasimu hiyo ilipelekwa kwenye mabaraza ya katiba ya wilaya.

Kwa Tanzania Bara kila kijiji au mtaa ulichagua watu wanne katika mkutano wake: mtu mzima, mwanamke, kijana na mwingine yeyote. Majina hayo yalipelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo ilichagua kati yao watu wanne wa kuiwakilisha kata nzima. Madiwani waliingia moja kwa moja. Zanzibar uwakilishi ulikuwa kwa shehia.

Chukua mfano wa kata ya Majengo katika Manispaa ya Songea. Mkazi aliyehudhuria mkutano wa mtaa wake aliweza kuwapigia kura watu wanne wa mtaa huo. Waliopita mtaani walichujwa tena na kamati ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kabla ya kufika kwenye baraza la manispaa. Mchujo huo wa kata ulilalamikiwa na CHADEMA na asasi kadhaa, kwa kuwa kamati nyingi za kata zilikuwa na wanachama wengi wa chama tawala. Kwa mkazi huyo wa Majengo, kura ya mkutano wa mtaa ndiyo ilikuwa kura yake ya kwanza na ya mwisho katika mchakato mzima hadi sasa.

### Bunge Maalumu la Katiba

Rasimu ya pili ilikabidhiwa kwa marais wa pande mbili tarehe 30 Desemba 2013. Ilipendekeza Muungano wa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Ilipendekeza pia wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya muda wake kwisha, ubunge uwe na ukomo wa vipindi vitatu, na mawaziri wasitokane na wabunge.

Bunge Maalumu la Katiba lilianza Dodoma tarehe 18 Februari 2014 likiwa na wajumbe zaidi ya 600. Walikuwa ni wabunge wote wa Bunge la Muungano, wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, na watu 201 walioteuliwa na Rais kutoka makundi kama asasi, dini, vyama vya siasa, wakulima, wafugaji na wavuvi. Wabunge na wawakilishi walikuwa wamechaguliwa mwaka 2010 kwa kazi nyingine, kabla mchakato haujatangazwa. Mpiga kura aliyewachagua hakujua kwamba anachagua pia waandishi wa katiba.

Mwenyekiti wa Bunge hilo alikuwa Samuel Sitta na makamu wake Samia Suluhu Hassan. Mjadala uligawanyika juu ya serikali mbili au tatu. Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa vyama vya upinzani na baadhi ya wengine, waliojiita Umoja wa Katiba ya Wananchi (UKAWA), walitoka nje na hawakurudi. Waliobaki walipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba 2014, kwa sharti la theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande wa Muungano.

Katiba Inayopendekezwa ilibakiza serikali mbili na kuacha mapendekezo ya kumwondoa mbunge, ukomo wa ubunge na mawaziri wasio wabunge. Ilikuwa na mambo mapya pia, kama usawa wa idadi ya wanawake na wanaume bungeni na haki za wakulima, wafugaji, wavuvi na wasanii. Ilikabidhiwa kwa marais tarehe 8 Oktoba 2014.

## Kura iliyoahirishwa

Kwa mujibu wa sheria, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ingeendesha kura kwa kushirikiana na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Ili katiba ipite, ilihitajika zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa Tanzania Bara na zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa Zanzibar. Upande mmoja ukikataa, katiba imekataliwa hata kama jumla ya kura za "Ndiyo" nchini ni nyingi. Katiba ikikataliwa, Katiba ya mwaka 1977 inaendelea.

Tarehe iliyotangazwa ilikuwa 30 Aprili 2015. Lakini daftari la wapiga kura lilikuwa linaandikwa upya kwa mashine za BVR zinazochukua alama za vidole na picha. Kazi hiyo ilizinduliwa Makambako mwezi Februari 2015, ikabidi isubiri mashine zaidi. Ilipofika Aprili ilikuwa bado katika mkoa wa Njombe, na mikoa ya jirani kama Ruvuma ilikuwa inasubiri zamu yake. Wakati huohuo UKAWA walikuwa wametangaza kuisusia kura, na mwezi Machi Jukwaa la Wakristo lilikuwa limewataka waumini wapige kura ya "Hapana", kukiwa pia na mabishano juu ya muswada wa Mahakama ya Kadhi.

Tarehe 2 Aprili 2015 mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, Jaji Damian Lubuva, alitangaza kwamba kura ya maoni imeahirishwa kwa sababu uandikishaji haujakamilika. Uandikishaji ulikamilika mwezi Agosti mwaka huo, na zaidi ya watu milioni 23 walikuwa katika daftari la Uchaguzi Mkuu wa tarehe 25 Oktoba 2015. Sababu iliyotolewa ya kuahirisha ilikuwa imeondoka, ila tarehe mpya haikutangazwa.

## Baada ya 2015

Rais John Magufuli alieleza kwamba katiba mpya haikuwa kipaumbele cha serikali yake na kwamba hakuwa ameiahidi katika kampeni. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeshika madaraka Machi 2021, mwanzoni aliomba apewe muda wa kujenga uchumi kwanza.

Baadaye aliunda Kikosi Kazi cha vyama vya siasa chini ya Profesa Rwekaza Mukandala. Taarifa yake ilikabidhiwa Oktoba 2022. Kikosi kilipendekeza mchakato ufufuliwe, sheria zake zirekebishwe, jopo la wataalamu liandae rasimu, wananchi wapewe elimu ya katiba, na mwisho kura ya maoni ifanyike. Mwezi Mei 2023 Rais aliagiza hatua zianze. Waziri wa Katiba na Sheria wakati huo alikuwa Damas Ndumbaro, mbunge wa Songea Mjini. Katika kampeni za Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2025, Rais Samia aliahidi kuuanzisha tena mchakato.

Katika hatua zote hizo, mwenye kuamua lini mchakato uanze, usimame au uendelee amekuwa serikali iliyo madarakani. Hakuna kifungu cha Katiba ya mwaka 1977 kinachowawezesha wananchi kulazimisha swali lipelekwe kwenye kura, hata kwa kukusanya saini. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba mwaka 2014 alitimiza umri wa kupiga kura mwaka 2025 bila kura hiyo kufanyika.

## Hali katika nchi jirani

* Kenya: Mkutano wa Bomas (2003–2004) ulikuwa na wajumbe 629. Machi 2004 Mahakama Kuu, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, iliamua kwamba Bunge lina uwezo wa kurekebisha katiba lakini si wa kuifuta na kuweka mpya, kwani mamlaka ya kuunda katiba ni ya wananchi wenyewe na lazima yatumike kwa kura ya maoni. Tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya waliikataa rasimu kwa takriban asilimia 58. Alama ya "Hapana" ilikuwa chungwa na ya "Ndiyo" ndizi. Rasimu nyingine ilikubaliwa tarehe 4 Agosti 2010 kwa takriban asilimia 67. Katiba hiyo inawaruhusu wananchi kuanzisha marekebisho kwa saini milioni moja. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu, katika shauri la mpango wa BBI, iliamua kwamba njia hiyo ni ya wananchi na Rais hawezi kuitumia.
* Uganda: Baada ya tume ya Jaji Benjamin Odoki, wananchi walipiga kura Machi 1994 kuwachagua wajumbe wa Bunge la Katiba. Kati ya wajumbe 284, 214 walichaguliwa moja kwa moja. Katiba ilitangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 bila kura ya maoni. Kura za maoni za mwaka 2000 na 2005 zilihusu mfumo wa vyama.
* Rwanda, Burundi na Kongo: Rwanda ilipigia kura katiba yake mwaka 2003 na marekebisho mwaka 2015, Burundi mwaka 2005 na 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwezi Desemba 2005. Katika kura zote hizo "Ndiyo" ilishinda kwa kiwango kikubwa.

Uganda iliwapa wananchi hatua ya katikati, na Kenya hatua ya mwisho. Hakuna kati ya nchi hizo iliyowauliza wapiga kura kwanza kama mkutano wa katiba uitishwe.

## Nchi zinazouliza mwanzoni

### Majimbo ya Marekani

Nchini Marekani kila jimbo lina katiba yake, mbali na ile ya taifa. Katika majimbo 14, katiba yenyewe inaamuru kwamba kila baada ya muda fulani, kwa kawaida miaka 10 au 20, wapiga kura waulizwe kama wanataka mkutano wa katiba uitishwe. Swali hilo huwekwa kwenye karatasi ya kura bila kusubiri idhini ya gavana wala bunge la jimbo.

New York ina utaratibu huo tangu katiba yake ya mwaka 1846. Swali hujirudia kila baada ya miaka 20, na lilikataliwa mwaka 1977, 1997 na 2017. Katikati ya vipindi hivyo, mwaka 1965, wapiga kura walikubali mkutano uitishwe. Ukafanyika mwaka 1967, kisha wapiga kura haohao wakaikataa katiba iliyoandikwa. Illinois ilisema "Ndiyo" mwaka 1968 na kupata katiba mpya mwaka 1970, kisha ikasema "Hapana" mwaka 1988 na 2008. Alaska, inayouliza kila baada ya miaka 10, ilikataa mwaka 2022.

Kwa miongo ya karibuni jibu limekuwa "Hapana" karibu kila mahali. Hata hivyo swali hurudi lenyewe kwa tarehe inayojulikana. Serikali isiyolipenda haiwezi kulificha, na kizazi kilichokosa nafasi safari moja kinajua zamu nyingine itakuja lini.

### Chile

Baada ya maandamano makubwa ya mwaka 2019, Wachile waliulizwa tarehe 25 Oktoba 2020 kama wanataka katiba mpya na nani aiandike. Asilimia 78 walikubali, wakachagua iandikwe na wajumbe waliochaguliwa mahususi kwa kazi hiyo. Mwaka 2021 waliwachagua wajumbe 155. Tarehe 4 Septemba 2022 asilimia 62 waliikataa rasimu ya wajumbe hao, na rasimu ya pili ikakataliwa Desemba 2023. Wachile walipewa hatua zote tatu na wakabaki na katiba ya zamani. Kuulizwa mwanzoni, basi, hakuhakikishi kupatikana kwa katiba mpya.

## Hoja

Wanaounga mkono wananchi kuulizwa mwanzoni wanatoa hoja hizi:

* Ibara ya 8 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Ni haki basi wao ndio waamue kama msingi huo uandikwe upya.
* Mchakato ulioanzishwa kwa kura ni vigumu kuusimamisha kwa tangazo la ofisi, kwa kuwa mwenye kuusimamisha atakuwa anapingana na matokeo yaliyohesabiwa.
* Swali kubwa linalogawa watu, kama idadi ya serikali katika Muungano, lingeweza kujibiwa mapema badala ya kuvunja Bunge Maalumu katikati ya kazi.

Wanaopinga, au wanaoona si lazima, wanasema:

* Kura ya nchi nzima ni gharama kubwa, na kuifanya mara mbili au tatu kwa katiba moja ni mzigo kwa nchi yenye mahitaji mengi.
* Swali la "Tuanze au tusianze?" ni pana mno, mpiga kura hajui atakachokipata mwishoni.
* Katika Muungano wa sehemu mbili zenye idadi tofauti sana ya watu, upande mmoja ungeweza kutaka na mwingine ukakataa, na hali hiyo ingeleta mgogoro kabla kazi haijaanza.
* Wananchi wanaweza kuwakilishwa vya kutosha na wabunge pamoja na kura ya mwisho.

Lipo pia pendekezo la kati: si lazima kuwe na kura ya mwanzoni, ila sheria iweke tarehe ya kura ya mwisho na iseme nini kitafuata tarehe hiyo ikipita. Sheria za mwaka 2011 na 2013 ziliweka hatua na muda wake, lakini kura ilipoahirishwa mwananchi hakuwa na njia rahisi ya kudai ifanyike.

## Tazama pia

* Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania
* Bunge Maalumu la Katiba
* Tume ya Mabadiliko ya Katiba
* Muungano wa Tanganyika na Zanzibar
* Serikali ya Umoja wa Kitaifa (Zanzibar)
* Katiba ya Kenya